I. I. Rabi na Swali Nililolizima Darasani

Mwaka jana nikiwa TP, kwenye shule moja ya kata ambayo sitaitaja, nilifanya kosa ambalo mpaka leo linanirudia. Nilikuwa nafundisha mada ya sumaku, kidato cha pili. Wanafunzi zaidi ya 70, madawati hayatoshi, suruali imejaa chaki, na msimamizi wangu kutoka chuoni angeweza kutokea mlangoni dakika yoyote. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Akauliza, kwa Kiswahili, kwamba ikiwa sumaku inavuta chuma, na kwenye Baiolojia wamefundishwa kuwa damu ina madini ya chuma, je, ile mashine ya hospitali yenye sumaku kubwa inayopiga picha za kichwa haiwezi kumvuta mtu damu.

Darasa zima likacheka. Na mimi, badala ya kukikemea kicheko, nikamwambia aulize kwa Kiingereza. Akabaki amesimama, akatafuta maneno, akayakosa, akakaa. Nikageukia ubao nikaendelea na ncha ya kaskazini na ncha ya kusini.

Ndugu msomaji, nitasema ukweli hapa kwa sababu kule darasani sikuusema. Sikuwa na jibu. Kiingereza kilikuwa kichaka tu cha kujifichia.

Wiki ya mwisho ya TP, tukiwa tunakunywa chai ofisini, mwalimu wa darasa lile akanieleza jambo. Mama wa yule binti alikuwa amepewa rufaa kwenda hospitali kubwa kupigwa picha ya ubongo kwa mashine ya MRI, maana kichwa kilikuwa kinamuuma miezi na miezi. Nyumbani kwao walikuwa wanaiogopa hiyo mashine. Binti hakuwa anafanya utani. Alikuwa amekuja shule kutafuta jibu la kumpelekea mama yake, na aliyelipewa kazi ya kulijibu nilikuwa mimi.

Niliporudi chuoni nikaingia maktaba kulitafuta jibu lenyewe. Nilitegemea nitapata ukurasa mmoja wa desa, nimalize. Badala yake nikakutana na mzee mmoja aliyefariki tarehe 11 Januari 1988, miaka mingi kabla mimi sijazaliwa, na maisha yake yakanishika kuliko jibu nililokuwa natafuta. Anaitwa Isidor Isaac Rabi.

Hata hilo jina lina kisa cha shule. Alizaliwa tarehe 29 Julai 1898 katika mji wa Rymanów, eneo la Galicia lililokuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria, leo ni Poland. Jina alilopewa ni Israel. Familia yao ya Kiyahudi ilikuwa fukara na ya dini sana. Baba alitangulia Marekani, akajikusanyia nauli, kisha akamwita mke na mtoto aliyekuwa bado mchanga. Wakaishi New York, upande wa Lower East Side, nyumba ya vyumba viwili. Siku ya kumwandikisha shule mama alisema mtoto anaitwa Izzy, jina la nyumbani. Mtu wa shule akadhani ni kifupi cha Isidor, akaandika Isidor, basi yakaisha. Mtoto akaingia darasani na jina ambalo wazazi hawakumpa. Nasi walimu watarajiwa tukumbuke hilo tunapoita rejista kwa haraka.

Nyumbani walizungumza Kiyidi, shuleni Kiingereza. Sijui kama nahitaji kuwaeleza wasomaji wa jarida hili hali hiyo ikoje.

Jambo ambalo Rabi alilisimulia mpaka uzeeni lilimhusu mama yake. Akina mama wengine wa mtaa ule walikuwa wanawauliza watoto wao wamejifunza nini shuleni. Mama yake Rabi alikuwa anamuuliza kama siku hiyo ameuliza swali zuri. Rabi aliamini kwamba jambo hilo ndilo lililomfanya awe mwanasayansi. Mimi nikakumbuka kwetu. Mama yangu, namshukuru kwa yote, alikuwa na swali moja tu mwisho wa muhula, nalo ni kwamba nimekuwa wa ngapi. Sikumbuki mtu yeyote, nyumbani wala shuleni, aliyewahi kutaka kujua nimeuliza nini.

Mwaka 1907 familia ikahamia Brownsville, Brooklyn, wakafungua duka la vyakula. Pale palikuwa na maktaba ya umma, na Izzy akaanza kusoma rafu kwa rafu. Kati ya vitabu vya mwanzo vilikuwa vya elimu ya nyota. Akakutana na hesabu za Copernicus, akaelewa kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua, na kwamba mwezi hubadilika sura kwa sababu zinazoweza kuchorwa kwenye karatasi. Kwa nyumba iliyosoma kitabu cha Mwanzo neno kwa neno, hilo halikuwa jambo dogo. Alipofika miaka 13, umri ambao kijana wa Kiyahudi hufanyiwa sherehe ya kuingia utu uzima na kutoa hotuba ya dini, yeye na wazazi wakakubaliana katikati. Sherehe ikafanyika nyumbani. Hotuba akaitoa kwa Kiyidi, na mada yake ilikuwa jinsi taa ya umeme inavyofanya kazi.

Hapo nilifunga kitabu kwa dakika kadhaa. Hebu mfikirie kijana wa miaka 13 anawaeleza wazee wa mtaa habari za umeme kwa lugha ya mama yake, na wazee wanakaa wanamsikiliza. Mimi nilikuwa na binti wa umri uleule, nikamkatalia lugha.

Safari yake ya chuo haikunyooka hata kidogo, kwa hiyo wewe uliyebeba sapu mbili usikate tamaa. Aliingia Cornell kusoma uhandisi wa umeme, akahamia kemia, akahitimu mwaka 1919. Kisha akakaa kitaa. Kwa miaka mitatu alibangaiza, mara kazi ya maabara, mara kuandika hesabu za vitabu, bila kujua anaelekea wapi. Mwaka 1922 akarudi kusoma, na mwaka uliofuata akahamia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kwa sababu alikuwa amempenda Helen Newmark aliyekuwa akiishi mjini humo. Ni huko ndipo alipogundua kwamba kile alichokuwa anakipenda kwenye kemia siku zote kilikuwa kinaitwa fizikia. Ili apate chakula alikuwa akifundisha City College huku anasoma.

Kwa shahada ya udaktari alichagua kupima jinsi fuwele mbalimbali zinavyovutwa na sumaku. Vitu vingi havivutwi kama msumari. Vinavutwa kidogo sana, au hata kusukumwa kidogo, kiasi ambacho mkono hausikii. Njia iliyokuwepo ilikuwa ya kuchosha. Rabi akatafuta njia ya mkato yenye akili. Akaitumbukiza fuwele kwenye maji yaliyochanganywa na chumvi yenye sumaku kidogo, akawa anabadilisha mchanganyiko mpaka fuwele haivutwi wala haisukumwi. Hapo fuwele na maji vimelingana. Kuyapima maji ni rahisi, kwa hiyo jibu la fuwele limepatikana. Tafiti ya mwaka 1926, na ukiiangalia vizuri ni ndugu wa swali la binti wangu, yaani vitu ambavyo hatuvidhanii kuwa na habari na sumaku vinavutwa kiasi gani.

Mwaka 1927 akapata ufadhili akaenda Ulaya, maana fizikia mpya ya kwanta ilikuwa inapikwa huko. Alifanya kazi Hamburg, kwenye maabara ya Otto Stern, aliyekuwa maarufu kwa kurusha mkondo wa atomi ndani ya bomba lisilo na hewa na kuupitisha kwenye sumaku. Huko Ujerumani Rabi aliona jambo lililomchoma. Jarida kuu la fizikia la Marekani lilidharauliwa kiasi kwamba chuo kimoja kilisubiri mwaka uishe ndipo kiletewe matoleo yote kwa pamoja, kuokoa gharama za posta. Marekani hiyohiyo! Rabi na wenzake wakaapa kurudi nyumbani kuibadilisha hali hiyo. Tunaposema kwamba sayansi ni ya watu fulani tu, tukumbuke kwamba hata hao tunaowataja waliwahi kukaa kiti cha nyuma.

Mwaka 1929 Columbia ikampa kazi ya kufundisha, kwa pendekezo la Heisenberg. Wakati ule kupata nafasi ya chuo ukiwa Myahudi ilikuwa shughuli pevu, na aliingia idara ile peke yake kati ya walimu wenzake. Akajenga maabara yake, na mwaka 1938 yeye na vijana wake wakachapisha kazi iliyompa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 1944.

Nitajaribu kuieleza kama ningekuwa darasani, safari hii kwa Kiswahili. Umewahi kucheza pia? Ukiizungusha inasimama, na inapoanza kuinama kichwa chake kinachora duara polepole. Kiini cha atomi, kwa mfano protoni ya haidrojeni, kina tabia inayofanana na hiyo. Ni kama kisumaku kidogo kinachozunguka. Ukikiweka ndani ya sumaku kubwa, kinayumba kwa mwendo maalumu, na sumaku ikiwa na nguvu zaidi mwendo unakuwa wa kasi zaidi. Sasa fikiria mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma ovyo ovyo hafiki popote. Ukimsukuma kila anaporudi, kwa wakati wake, anapaa. Rabi alivisukuma viini kwa mawimbi ya redio. Mkondo wa molekuli ulipita kati ya sumaku mbili, ya kwanza ikiupinda upande huu na ya pili ikiurudisha upande ule ili ufike kwenye kipimo. Katikati paliwekwa uga wa sumaku wa tatu pamoja na waya unaotoa mawimbi ya redio. Wakawa wanabadilisha nguvu ya sumaku ya katikati taratibu huku masafa ya redio yamebaki palepale. Pale vilipolingana, viini viligeuka, molekuli zikapotea njia, na idadi iliyofika kwenye kipimo ikashuka ghafla. Kwa mara ya kwanza binadamu alikuwa anazungumza na kiini cha atomi kwa redio, nacho kinaitika.

Alipofanya hayo hakuwa na mgonjwa yeyote akilini. Alitaka tu kujua kiini kina usumaku kiasi gani.

Vita vikaja. Mwaka 1940 alijiunga na maabara ya rada iliyokuwa MIT, akawa mmoja wa viongozi wake. Oppenheimer alimtaka awe msaidizi wake mkuu Los Alamos kwenye bomu la atomiki. Rabi alikataa cheo, akakubali kuwa mshauri tu, na tarehe 16 Julai 1945 alikuwepo jangwani bomu la kwanza lilipojaribiwa. Mwaka 1949, yeye na Enrico Fermi waliandika kupinga utengenezaji wa bomu la haidrojeni kwa sababu za maadili. Mwaka 1954 Oppenheimer alipowekwa kitimoto, Rabi alisimama mbele ya jopo akamtetea rafiki yake bila kumung'unya maneno. Mwaka 1950, kwenye mkutano wa UNESCO mjini Florence, ndiye aliyesukuma pendekezo lililozaa CERN, ile maabara kubwa ya Ulaya.

Kama mwalimu sasa, hapa panachekesha. Mihadhara yake ilikuwa mibaya. Leon Lederman, aliyemsikiliza Columbia na baadaye naye akapata Nobel, alisimulia kwamba wanafunzi walikuwa wakitoka darasani wanakimbilia maktaba kutafuta Rabi alikuwa anazungumzia nini. Lakini macho ya kuona mtu alikuwa nayo. Katikati ya miaka ya 1930 alikutana na kijana aliyekuwa karibu kufeli City College kwa sababu alikuwa haendi darasani. Rabi na mwenzake walikuwa wanabishana juu ya hoja moja ngumu ya kwanta, kijana akachomekea sentensi moja iliyomaliza ubishi. Rabi akamhamishia Columbia licha ya matokeo yake. Kijana huyo ni Julian Schwinger, mshindi wa Nobel mwaka 1965.

Lakini nisimpambe kupita kiasi. Macho hayo yalikuwa na upande yasikoona. Katika uzee wake alimwambia mwandishi mmoja mwanamke kwamba wanawake kwa jinsi walivyo hawafai kwa sayansi. Alisema hivyo wakati Columbia hiyohiyo alikuwepo Chien-Shiung Wu, mama aliyefanya moja ya majaribio makubwa ya fizikia ya karne ile. Mtoto aliyelelewa na mwanamke mwenye swali bora kuliko shule nzima, akafika mahali pa kuamini kwamba wanawake hawana la kuuliza. Nilipolisoma hilo niliudhika. Kisha nikajiuliza, kama yule wa dawati la nyuma angekuwa mvulana, ningemkatiza vilevile? Sina uhakika na jibu langu.

Sasa turudi kwenye ubongo, maana huko ndiko ada ya swali inakolipwa.

Kazi ya Rabi ilihitaji molekuli zinazoruka ndani ya bomba. Mwaka 1946 makundi mawili, la Felix Bloch kule Stanford na la Edward Purcell kule Harvard, yalionyesha kwamba sauti ya viini inaweza kusikika hata kwenye vitu vya kawaida, kama maji na nta. Na mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa. Mwaka 1973 Paul Lauterbur alichapisha njia ya kupata picha, kwa kuifanya sumaku iwe na nguvu tofauti kidogo kila mahali, ili masafa ya jibu yakueleze limetoka wapi. Mwaka 1977 Peter Mansfield wa Nottingham akatoa njia ya kuchukua picha nzima kwa sehemu ndogo ya sekunde. Wote wawili walipewa Nobel ya Tiba mwaka 2003. Neno nyuklia lililokuwemo kwenye jina la mwanzo likaachwa, maana wagonjwa walikuwa wakilisikia wanawaza bomu. Hakuna mionzi ya nyuklia mle. Ni sumaku na redio. Kwenye mashine ya tesla 1.5, protoni zinaitika kwenye masafa ya karibu megahezi 64, na kwenye ya tesla 3, karibu 128. Redio zetu za FM zipo katikati, kuanzia 88 hadi 108.

Na damu je? Hapa ndipo nilipoegemea kiti pale maktaba nikashika kichwa.

Mwaka 1936, Linus Pauling na Charles Coryell walipima usumaku wa damu. Walikuta kwamba himoglobini iliyobeba oksijeni haivutwi na sumaku, bali inasukumwa kidogo sana. Ikishaiacha oksijeni, inavutwa kidogo. Kwa hiyo chuma cha kwenye damu si kama msumari, na mvuto wenyewe ni mdogo mno kiasi kwamba hauwezi kuhamisha damu ya mtu. Lakini upo. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake, wakifanya kazi na panya huko Bell Labs, walionyesha kwamba tofauti hiyo ndogo inaivuruga kidogo sumaku kuzunguka mishipa midogo ya ubongo, na protoni za jirani zinapotezana hatua haraka zaidi, na picha inakuwa na weusi mahali hapo. Mwaka 1992 makundi kadhaa yakachapisha picha za ubongo wa binadamu ukiwa kazini.

Hiyo ndiyo kazi wanayofanya wanafizikia wa MRI katika utafiti wa ubongo mpaka leo. Mtu analala ndani ya mashine, anaambiwa agongegonge vidole. Sehemu ya ubongo inayoendesha vidole inafanya kazi, na mwili unaipelekea damu mpya kuliko inavyohitaji. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, kwa hiyo usafirishaji huo si mchezo. Damu yenye oksijeni ikijaa, mvurugo unapungua, na baada ya kama sekunde tano mahali pale panang'aa kidogo. Kidogo sana, mara nyingi asilimia chache tu. Mwanafizikia ndiye anayepanga mapigo ya redio na sumaku, anayejaribu mashine kwa chupa ya maji kabla ya mtu kuingia, na anayehangaika kutenganisha ule mng'ao mdogo na kupumua kwa mtu, mapigo ya moyo, au kichwa kilichosogea milimita moja. Kazi hiyo yote imejengwa juu ya swali la kama sumaku inagusa chuma cha kwenye damu.

Lile swali lililochekwa na darasa langu. Lile nililolidai kwa Kiingereza.

Rabi mwenyewe aliingia kwenye mashine hiyo katika siku zake za mwisho, akiwa anaumwa saratani. Ndani ya lile bomba kulikuwa na uso unaong'aa kama kioo, akajiona, amepindapinda. Alieleza baadaye kwamba hakuwahi kudhani kazi yake ingefika pale. Alikuwa na miaka 89 alipofariki.

Niliandika majibu kurasa mbili, kwa Kiswahili, nikayapiga picha nikamtumia yule mwalimu wa darasa kwa WhatsApp. Niliandika kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko somo langu lote la siku ile, na kwamba nilimkatiza kwa sababu sikujua. Nikaeleza kwamba mashine haivuti damu, lakini inavuta vitu vya chuma kwa nguvu za kutisha, hata mtungi wa oksijeni, kwa hiyo mama yake asiingie na pini wala funguo. Kama ana chuma chochote mwilini, au kifaa cha kuusaidia moyo, awaambie wahudumu kabla. Nikamwomba mwalimu asome darasani, mbele ya wale waliocheka.

Zilipita wiki tatu kimya. Nikajua nimechelewa. Kisha siku moja nipo kimbweta napitia nondo za saikolojia ya elimu, simu ikalia. Ni sauti iliyorekodiwa, ya binti, kwenye simu ya mwalimu wake. Alinisalimia shikamoo ticha, akasema karatasi zangu zimesomwa. Mama alikuwa ameshakwenda kabla hazijafika. Aliingia akiwa anatetemeka, akatoka salama, wanasubiri kurudi kwa daktari. Halafu akasema mama amerudi na malalamiko kwamba ile mashine inagonga kama watu wanapiga bati kwa nyundo, na yeye anataka kujua, kama ni sumaku na redio tu, ni nini kinachogonga.

Safari hii sikusubiri. Nilimjibu palepale kimbwetani, kwa sauti, kwa Kiswahili. Mle ndani kuna nyaya zinazopitishiwa umeme wa kuwaka na kuzima kwa haraka ili sumaku iwe tofauti kila mahali, kama alivyofanya Lauterbur. Waya wenye umeme ukiwa ndani ya sumaku husukumwa, ndivyo spika ya redio inavyotoa sauti. Mle nyaya ni nzito na sumaku ni kali, kwa hiyo spika yake inagonga. Nikamwambia mada yenyewe ataikuta kidato cha nne.

Akajibu kwamba kidato cha nne ni mbali, akaniuliza kama hiyo spika anaweza kuitengeneza nyumbani.